Antivirusi, Diski za Zamani na Kompyuta Zinazojikokota

Ombi ninalolipata mara nyingi zaidi katika kazi yangu ya kutengeneza kompyuta hapa Kisumu si la kuondoa virusi bali la kuondoa antivirusi. Mteja huweka laptopu juu ya meza na kusema, "Fundi, hii kitu inakula mashine yangu, hebu itoe." Anaweza kuwa mwalimu kutoka Ahero, mwenye saiba (duka la huduma za kompyuta na intaneti) Kondele, karani wa duka la dawa au mwanafunzi wa Maseno anayekimbizana na tarehe ya kuwasilisha tasnifu. Malalamiko yao yana msingi. Fundi anayemwambia mteja kwamba antivirusi haipunguzi kasi ya kompyuta hata kidogo hamwambii ukweli, kwa sababu kila ukaguzi hutumia prosesa, hutumia kumbukumbu (RAM) na, zaidi ya yote, husoma diski. Hata hivyo, ninaamini kwa dhati kwamba katika mashine nyingi za huku kwetu lawama humwangukia asiyestahili: antivirusi huleta kazi, lakini kinacholemewa na kazi hiyo ni diski ya zamani ya kuzunguka, na kinachozidisha ubaya ni saa ambayo kazi hiyo hufanyika.

Tuanze na kile kinachotokea mtu anapofungua faili. Antivirusi ya kisasa haikai ikisubiri kuambiwa ikague. Ina sehemu yake inayoishi ndani kabisa ya Windows, katika kerneli, yaani kiini cha mfumo, kati ya programu zote na diski. Ukibofya hati ya Word, ombi la kuifungua hupitia hapo kwanza, nalo huzuiliwa hadi injini ya antivirusi isome faili, iilinganishe na alama za virusi vinavyojulikana na, ikiwa faili hiyo ni programu, pengine iiendeshe kwa muda mfupi katika mazingira ya kuigiza ili ione inakusudia kufanya nini. Ikiridhika, ombi huachiliwa na hati hufunguka. Kwa faili moja, muda huo ni mdogo mno kwa mtu kuuhisi. Lakini kompyuta haifungui faili moja. Kuwasha tu Windows na kusubiri hadi ikae sawa hufungua maelfu ya faili ndogo, na kivinjari nacho husoma na kuandika vipande vingi katika akiba yake kila ukurasa unapopakuliwa.

Anayeujua mpaka wa Busia ataelewa mara moja. Lori moja refu lenye shehena ya aina moja hukaguliwa na kupita, ilhali watu mia wenye baiskeli na mizigo mchanganyiko hufanya foleni ndefu, kwa kuwa kinachokula muda ni kusimamisha, kufungua na kufunga, wala si uzito wa mzigo. Ndiyo sababu filamu moja ya GB 2 hunakiliwa kutoka kwenye flashi bila matatizo makubwa, lakini folda ya kazi za wanafunzi yenye faili elfu kadhaa, ambayo uzito wake wote haufiki nusu ya filamu hiyo, hukufanya uende kunywa chai na kurudi ukiikuta bado inaendelea.

Sasa tuitazame diski yenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye kiini. Laptopu nyingi za mtumba zinazoletwa kutoka Uingereza na kuuzwa katika maduka ya mjini bado zina diski zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika. Piga hesabu: mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11. Ili kusoma kipande kimoja cha data, kichwa cha kusomea hulazimika kwanza kusogea hadi kwenye mstari unaotakiwa, jambo ambalo katika diski za laptopu kwa kawaida huchukua milisekunde 10 hivi au zaidi, kisha kisubiri, kwa wastani, nusu ya mzunguko hadi data ifike chini yake. Maana yake ni kwamba diski ya namna hiyo haiwezi kuhudumia hata maombi mia moja yaliyotawanyika katika sekunde moja. SSD, aina mpya ya diski inayohifadhi data kwenye chipu, hata ile ya bei nafuu, huhudumia makumi ya maelfu, kwa kuwa haina kitu kinachosogea. Antivirusi inapopitia folda ya Windows upande mmoja wa diski, na wewe unataka kufungua hati iliyo upande mwingine, kichwa hicho kimoja hurushwa huku na huko, na nyote wawili mnacheleweshwa kuliko ambavyo mngecheleweshwa kama mngepokezana zamu.

Mtu anaweza kuliona jambo hili kwa macho yake. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, kisha tazama safu za juu wakati mashine imeganda. Katika laptopu nyingi ninazoletewa, prosesa haifiki asilimia 20, kumbukumbu imejaa kiasi, lakini safu ya diski imesimama kwenye asilimia 100 na haishuki. Ukipanga orodha kwa kufuata matumizi ya diski, utalikuta jina Antimalware Service Executable karibu na juu. Hiyo ndiyo injini ya Microsoft Defender, antivirusi ambayo imekuwa sehemu ya Windows tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, wala si virusi kama ambavyo wateja kadhaa wamenieleza kwa wasiwasi. Jambo la kuangalia hapo si jina tu. Angalia pia kiasi cha data kinachosomwa kwa sekunde. Mara nyingi diski imefika asilimia 100 huku ikisoma MB 2 au 3 tu, kiwango ambacho SSD isingekisikia. Namba hiyo ndogo iliyo kando ya asilimia 100 ndiyo inayomtaja mwenye kosa.

Suala la saa linaonekana vizuri zaidi katika saiba. Antivirusi nyingi hupangiwa ukaguzi wake usiku wa manane kwa kudhani kwamba kompyuta itakuwa imewashwa na hakuna mtu anayeitumia. Dhana hiyo inaweza kuwa sahihi katika ofisi ambako mashine haizimwi. Kwetu, mwenye saiba huzima swichi kuu anapofunga, kwa sababu ya bili ya umeme na kwa sababu ya kuogopa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Ukaguzi wa usiku basi haufanyiki, na antivirusi nyingi zina mpangilio unaosema kwamba kazi iliyokosa wakati wake ifanywe pindi mashine inapowashwa. Saa mbili asubuhi, foleni ya watu wanaotaka kuchapisha barua za maombi ya kazi na kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, imeshafika mlangoni, na mashine zote zinaanza ukaguzi uliokosekana kwa wakati mmoja. Taa ndogo ya diski iliyo mbele ya kila mashine huwaka bila kupepesa. Mhudumu anabofya ikoni ya kivinjari, hakuna kinachotokea, anabofya tena, anabofya mara ya tatu, na sasa kuna maombi matatu ya kufungua kivinjari yanayogombania diski ileile.

Tiba yake ni rahisi mno, nami hushangaa ni wachache kiasi gani wanaoijua. Ukaguzi upangwe wakati wa utulivu uliopo kwa kweli, si ule wa kwenye karatasi. Saiba moja niliyoihudumia tuliupangia saa saba na nusu mchana, wakati wahudumu wanapokula kwa zamu na wateja wamepungua, tena siku tofauti kwa kila kundi la mashine. Kwa anayetumia Defender, kazi hiyo imo ndani ya Task Scheduler, kipanga kazi cha Windows, katika maktaba ya Microsoft, Windows, kisha Windows Defender, nayo inaitwa Windows Defender Scheduled Scan. Humo ndimo unamoweka siku na saa, na humo ndimo unamoweza kuiambia ianze tu ikiwa hakuna anayegusa mashine.

Wapo wanaopendekeza kupunguza kiwango cha prosesa ambacho Defender inaruhusiwa kutumia wakati wa ukaguzi. Kiwango cha kawaida ni asilimia 50, na hubadilishwa katika PowerShell, dirisha la amri la Windows, kwa amri ya Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor ikifuatwa na namba unayoitaka. Mimi huitumia amri hiyo kwenye mashine zenye prosesa dhaifu, lakini lazima ieleweke inafanya nini. Kiwango hicho ni wastani ambao injini hujaribu kuufuata, si ukuta usiovukika, tena kinahusu prosesa, si diski. Katika mashine ambayo prosesa imetulia kwenye asilimia 15 huku diski ikiwa imezama, kushusha kiwango hicho hadi 30 hakutabadilisha chochote ambacho mtumiaji atakihisi. Ushauri mwingi unaosambazwa kuhusu antivirusi una kasoro ya namna hii: ni sahihi kwa mashine ya aliyeuandika, lakini haugusi kidonda cha mashine uliyo nayo.

Maabara za kompyuta za shule zina ugonjwa wao wa kipekee, na kwa kuwa wanaoumia ni watoto, hunikera kuliko mengine. Mashine hukaa zimezimwa likizo nzima. Wiki ya kwanza ya muhula, mwalimu anaingiza darasa zima, mashine arobaini zinawashwa kwa pamoja, na mambo manne yanaanza mara moja: Windows inatafuta masasisho yake, antivirusi inapakua orodha mpya ya virusi, ukaguzi uliokosekana unaanza, na wanafunzi wanajaribu kufungua Excel. Orodha ya Defender husasishwa mara kadhaa kwa siku, na mashine inayotumika kila siku hupakua mabadiliko madogo tu, lakini ile iliyokaa muda mrefu bila intaneti huhitaji kifurushi kizima, ambacho kinazidi MB 100. Zidisha hiyo kwa mashine arobaini kwenye laini moja ya intaneti ya shule, na utaelewa kwa nini kipindi kizima cha dakika arobaini huisha watoto wakitazama kiduara kinachozunguka.

Kuna sababu nyingine inayofanya wiki hiyo iwe ngumu, nayo haijulikani sana. Antivirusi hukumbuka faili ilizozikagua na kuziona safi, ili isizirudie hadi zibadilike. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayofanya mashine iwe nyepesi zaidi kadiri inavyotumika. Lakini orodha mpya ya virusi inapofika, hukumu ya zamani haitoshi tena, kwa kuwa faili iliyoonekana safi jana huenda ikatambuliwa leo kuwa na dosari. Kwa hiyo baada ya sasisho, sehemu kubwa ya kazi huanza upya. Mwalimu anayeniambia kwamba mashine zilikuwa nyepesi kabla ya likizo na sasa ni nzito hajakosea. Ameliona jambo la kweli. Dawa ni mtu mmoja kwenda shuleni siku mbili kabla ya kufungua, kuziwasha zote kwa mafungu, kuziacha zisasishwe na zikaguliwe, kisha kuzizima kwa utaratibu. Kifurushi cha orodha kinaweza kupakuliwa mara moja kutoka kwenye tovuti ya Microsoft na kubebwa kwenye flashi safi hadi kwa kila mashine, jambo linaloiokolea shule data nyingi.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea laptopu iliyokuwa ikichukua muda mrefu kuwaka kiasi kwamba alikuwa ameacha kabisa kuizima. Nilipofungua orodha ya programu, nilikuta antivirusi mbili za makampuni tofauti, moja iliyokuja na mashine na nyingine aliyowekewa na jirani yake kwa nia njema. "Nilifikiri mbili ni ulinzi maradufu, fundi," aliniambia. Nilimweleza kwamba Defender ina adabu ya kujiondoa inapoona antivirusi nyingine imejisajili, lakini mbili za kununua au za bure hazina uhakika wa kuachiana nafasi. Kila moja huweka sehemu yake katika kerneli. Faili ikifunguliwa, ya kwanza huizuia na kuisoma. Kusoma huko ni kufungua faili, kwa hiyo ya pili nayo huingilia kati ili ikague. Wakati mwingine moja huona orodha ya alama za virusi ya mwenzake na kuidhania kuwa virusi vyenyewe. Niliondoa zote mbili kwa zana rasmi za kuzifutia, kwa kuwa uondoaji wa kawaida mara nyingi huacha mabaki katika kerneli, nikaiacha Defender irudi kazini yenyewe. Mashine ikawa mashine tena.

Si haki, hata hivyo, kuzitupia lawama sehemu za ukaguzi peke yake. Antivirusi za bure siku hizi huja na msafara: kivinjari chao, VPN yao, kisafishaji cha diski, kikumbushi cha nywila na madirisha ya kukusihi ununue toleo kamili. Kila mmoja wa wasafiri hao hujipenyeza kwenye orodha ya vinavyoanza pamoja na Windows. Kwenye mashine yenye RAM ya GB 4, ambayo bado ndiyo ya kawaida miongoni mwa wanafunzi, msafara huo unaweza kuisukuma Windows ianze kutumia diski badala ya RAM, na tunarudi palepale kwenye diski ya kuzunguka. Baadhi pia hufungua mawasiliano ya HTTPS, yale yaliyofichwa kati ya kivinjari na tovuti, kwa kuweka cheti chao ndani ya mashine, wakasoma ukurasa kabla ya kivinjari kuusoma. Hilo huongeza ucheleweshaji kwa kila ukurasa, na kwa maoni yangu faida yake ni ndogo kwa mtu wa kawaida, kwani faili ikipakuliwa itakaguliwa tu inapogusa diski.

Maabara mbili za Ulaya zinazoheshimika kwa kupima antivirusi, AV-Comparatives ya Innsbruck nchini Austria na AV-TEST ya Magdeburg nchini Ujerumani, hupima pia uzito wa antivirusi kwa mashine: kunakili faili, kufungua programu, kusakinisha, kupakua, kutembelea tovuti. Ninazisoma ripoti zao na kuziheshimu, nami hupendezwa na jinsi AV-Comparatives inavyotenganisha mara ya kwanza ya kufungua programu na mara zinazofuata, jambo linaloafikiana kabisa na niliyoyaeleza kuhusu kumbukumbu ya faili safi. Lakini msomaji wa Kisumu au Nakuru azisome akijua kwamba mashine zao za majaribio, hata zile wanazoziita dhaifu, hutumia SSD. Antivirusi mbili zinazotofautiana kwa alama chache kwenye SSD zinaweza kutofautiana kwa kiasi kikubwa zaidi kwenye diski ya kuzunguka, na hakuna jedwali la kutoka Innsbruck litakalokuambia hivyo.

Sasa nije kwa wale wanaoamua kuiondoa kabisa. Katika saiba, uamuzi huo huonekana mzuri kwa siku chache. Kisha flashi zinaingia. Virusi vinavyosumbua zaidi huku ni vile vinavyogeuza folda kuwa njia za mkato. Mteja anachomeka flashi, anaona folda yake ya "CV" ikiwa na kishale kidogo kwenye kona ya ikoni na ukubwa wa KB 2, anaibofya, na inafunguka kama kawaida, kwa hiyo hashuku chochote. Kilichotokea ni kwamba folda halisi imefichwa na kupewa sifa ya faili ya mfumo, na kile kishale kinaanzisha kwanza hati ndogo ya msimbo, ndipo kikufungulie folda. Hati hiyo hukaa kwenye mashine ikingoja kila flashi itakayochomekwa baada ya hapo. Microsoft ilizima tabia ya flashi kujianzisha yenyewe kwa sasisho la Februari 2011, na hilo lilipunguza maambukizi ya aina ya zamani, lakini njia ya mkato haihitaji kujianzisha. Inamtegemea mtu abofye, na watu hubofya. Faili zilizofichwa kwa kawaida hurudishwa kwa amri ya attrib -h -s -r /s /d ikifuatwa na herufi ya flashi na :\*.*, nami nimewarudishia wanafunzi kazi zao kwa njia hiyo wakiwa karibu kulia. Lakini saiba isiyo na antivirusi itakuwa imezisambaza njia hizo hadi Bondo na Siaya kabla ya jua kutua.

Na mashine iliyoambukizwa si nyepesi. Watu husahau hili wanapolinganisha. Programu za kuchimba sarafu za kidijitali hupandisha prosesa hadi juu na kuiacha huko mchana kutwa, feni ikivuma. Nyingi huingia kupitia zile programu za kuvunja leseni ya Windows na Office, ambazo karibu kila mara huja na maagizo ya kuzima antivirusi kwanza. Mteja huizima, huvunja leseni, husahau kuiwasha, na baada ya muda hurudi kwangu akilalamika kwamba mashine ni nzito. Nikiwasha Defender na ikaanza kusafisha, mashine huzidi kuwa nzito kwa saa chache, naye huona amethibitisha alichokuwa akikiamini tangu mwanzo.

Mwezi wa Juni huleta jambo jingine. Siku za mwisho kabla ya tarehe 30, saiba zote za mji hujaa watu wanaowasilisha ritani zao za kodi kwenye iTax, tovuti ya mamlaka ya mapato. Wafanyabiashara wengi hutumia fomu ya Excel yenye makro (vijiprogramu vilivyo ndani ya hati), ambayo hukagua namba na kutoa faili ya zip ya kupakiwa kwenye tovuti. Makro ndiyo njia ambayo virusi vya hati vimetumia kwa miaka mingi, kwa hiyo Microsoft ilianza mwaka 2022 kuzizuia makro katika faili zilizotoka kwenye intaneti, na antivirusi nazo huzichunguza kwa makini zaidi. Mhudumu aliyebanwa na foleni huzima ulinzi wote ili fomu ifanye kazi. Hakuna haja. Faili moja iliyotoka kwenye tovuti ya iTax yenyewe hubofywa kwa kitufe cha kulia, ikafunguliwa Properties, na kizuizi kikaondolewa kwa faili hiyo peke yake. Ulinzi wa mashine nzima unabaki palepale.

Wapo wanaonikumbusha kwamba antivirusi zenyewe zimewahi kuangusha kompyuta, nao wanasema kweli. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la antivirusi ya McAfee liliiona svchost.exe, faili ya lazima ya Windows XP, kuwa virusi, na mashine katika ofisi nyingi duniani zikaanza kujizima na kuwaka bila kukoma. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Sababu ni ileile inayoifanya antivirusi iwe na nguvu: inakaa katika kerneli, na kosa la kerneli halina wa kulizuia. Makosa madogo zaidi nayo huwapo. Defender ilikuwa na kasoro iliyoifanya itumie prosesa kupita kiasi Firefox inapotumika, nayo ilirekebishwa mwaka 2023, takriban miaka mitano baada ya kuripotiwa. Kwa hiyo anayelalamika asinyamazishwe kwa dharau. Mara nyingine programu ndiyo yenye kosa.

Nikiulizwa pesa kidogo zitumike wapi, jibu langu halijabadilika: nunua SSD kabla ya kununua antivirusi. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya laptopu nyingine ya mtumba, fundi yeyote anaweza kuhamisha kila kitu kutoka kwenye diski ya zamani, na Defender iliyokuwa ikiigandisha mashine asubuhi nzima huendelea na ukaguzi wake bila mtumiaji kuitambua. Baada ya SSD, ongeza RAM ifike GB 8. Tena usikimbilie kuweka folda kwenye orodha ya zisizokaguliwa. Duka la dawa lenye programu ya mauzo linaweza kuiondolea ukaguzi folda ya hifadhidata peke yake, kwa kuwa faili zake hubadilika kila dakika, na hilo hupunguza mzigo kweli. Kuiondolea ukaguzi folda ya Downloads au herufi ya flashi ni kuwafungulia wezi lango la mbele, nami hukataa kulifanya hata mteja akisisitiza.

Lililobaki ni la mashine ambazo haziwezi kupanda hadi Windows 11, na huku kwetu ni nyingi, kwa kuwa mfumo huo kwa kawaida unadai prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda mbele na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imesema kwamba orodha za virusi za Defender zitaendelea kuifikia Windows 10 hadi Oktoba 2028, na wengi wamelipokea hilo kana kwamba ndilo jibu la kila kitu. Orodha ya virusi haizibi tundu lililo katika mfumo wenyewe. WannaCry, programu haribifu iliyofunga faili na kudai fidia, ilipoenea tarehe 12 Mei 2017, ilipitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea kiraka mwezi Machi mwaka huohuo, na mashine zilizokuwa na kiraka hicho hazikuingiliwa kwa njia hiyo. Shule zinazonialika ninazishauri mashine hizo zisajiliwe kwenye mpango wa Microsoft wa masasisho ya nyongeza ikiwezekana, na isipowezekana zitengwe na mtandao wa ofisi ya mwalimu mkuu na wa karani wa fedha, zitumike kwa Word, kwa mazoezi ya kuchapa na kwa masomo yasiyohitaji intaneti. Kazi hiyo ya kutenga huchukua mchana mmoja kwa maabara ya kawaida, nayo inaweza kufanywa katika likizo ijayo sambamba na kubadilisha diski.